Bunduki ipo, kipande hakipo

Bunduki ya kuwindia iliyopungukiwa na kitu huuzwa kwa bei ya kutamanisha. Mtutu safi, ubao hauna ufa, jina la kiwanda linasomeka vizuri, ila kuna tundu tupu palipotakiwa kuwa na skrubu, au kilengeo cha mbele kimeng'oka, au magazini haionekani, au, balaa kuliko yote, bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, haipo. Muuzaji anakwambia, "Hicho ni kitu kidogo tu, utakipata." Kuna wakati anasema kweli. Kuna wakati hicho kitu kidogo ndicho kilichomfanya aiuze.

Mimi napenda bunduki kuukuu na mfuko wangu si mnene, kwa hiyo nimezoea kununua zile ambazo wengine wanazikwepa. Swali la kwanza ninalojiuliza halihusu bei. Najiuliza kama kipande kilichokosekana kinabeba nguvu ya baruti au hakibebi. Kama hakibebi, kama kazi yake ni kushika ubao, kuongoza jicho au kulisha risasi, nabana matumizi kadiri niwezavyo: natafuta cha mtumba, nampelekea mkereza vyuma, napiga tupa, na mara nyingine naacha pengo lilivyo. Kama kinabeba, ubahili wote nauweka kando. Nisipoweza kugharamia kukifunga inavyotakiwa, bunduki inakaa kabatini mpaka niweze.

Nianze na kipande kidogo kuliko vyote nilivyowahi kuhangaikia. Bunduki yenyewe imejengwa juu ya Mauser 98, ule muundo wa Paul Mauser ulioingia katika jeshi la Ujerumani mwaka 1898 na kuigwa na viwanda chungu nzima baada ya hapo. Kabla haijanifikia, mtu alishaivua ubao wa kijeshi akaivika ubao wa kuwindia. Ilikuwa na tabia moja ya kuudhi: skrubu ya nyuma, ile inayopita kwenye kinga ya triga na kuingia katika mkia wa bunduki, haikuwa na mwisho. Unaikaza, inakubali. Ukirudi baada ya kufyatua mara kadhaa unaikaza tena, inakubali tena. Na kila ukiikaza, risasi zinahama zinapopiga.

Kilichokosekana ni bushi, kijibomba cha chuma kinachokaa ndani ya ubao na kuizunguka skrubu ile. Kazi yake ni kuweka umbali maalumu kati ya chuma cha juu na chuma cha chini, ili ukikaza skrubu, chuma kigongane na chuma, si chuma kuufinya ubao. Bushi ikiwa haipo, ubao ndio unaobeba mkazo wote. Mbao hulegea, hubonyea, hunywa unyevu na kuuachia. Mkia wa bunduki unavutwa chini, chuma kinapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, na mlengaji anabaki akilaumu darubini yake. Aliyebadilisha ubao aliiacha bushi ndani ya ule wa zamani. Hutokea sana, kwa sababu bushi huganda kwenye tundu lake na kuonekana kama sehemu ya ubao.

Kipande hiki hakibebi baruti, kwa hiyo hapa ndipo mtu mwenye mfuko mwembamba anapofurahi. Skrubu za Mauser 98 zina unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, na bushi ni bomba la chuma ambalo skrubu hiyo inapita ndani yake bila kukwaruza. Kinachotakiwa ni urefu. Unakusanya bunduki bila bushi, unakaza skrubu ya mbele vizuri na ya nyuma kwa vidole tu, mpaka vyuma vikae mahali pake bila kuuminya ubao. Kisha unaitoa ile ya nyuma taratibu, unaingiza kijiti cha kupimia kina cha kalipa kwenye tundu lake, unasoma umbali kutoka uso wa kinga ya triga mpaka mkia ulipo. Mkereza vyuma anakukatia bomba refu kidogo kuliko kipimo hicho. Kazi iliyobaki ni ya tupa na subira: unasugua ncha moja, unafunga, unakaza, unatazama. Bushi ikiwa ndefu mno, ubao unacheza. Ikiwa fupi mno, umerudi ulikotoka. Ikifika pale ubao unaposhikwa barabara na skrubu ikagota ghafla badala ya kuendelea kuzama, umemaliza.

Angalia na urefu wa skrubu yenyewe. Skrubu ya nyuma ikiwa ndefu mno huchungulia juu kwenye mkia na kukwaruza bolti inapopita. Na usikubali skrubu yoyote eti kwa sababu "inaingia". Mauser ya kijeshi hutumia meno 22 kwa inchi moja, wakati Remington 700 hutumia skrubu za unene huohuo wa robo inchi zenye meno 28, na Winchester Model 70 zenye meno 32. Ukizitazama mezani zinafanana kabisa. Ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, umeharibu meno ya kipande ambacho hakina spea, yaani mwili wenyewe wa bunduki.

Bunduki hiyohiyo ilikuwa imekosa pia vile viskrubu viwili vidogo vinavyokaa kando ya skrubu kubwa kuzizuia zisilegee. Hivyo sikuvitafuta. Viliwekwa kwa ajili ya askari ambaye hakutakiwa kuifungua bunduki yake ovyo. Mwindaji anayekagua skrubu zake kabla ya kutoka havihitaji, na bunduki nyingi za kuwindia za muundo huu zilitoka kiwandani bila kuwa navyo.

Jambo ambalo limeniokolea fedha kuliko ujanja wowote wa tupa ni kumjua mtengenezaji halisi. Jina lililochongwa kwenye mtutu si lazima liwe la aliyeitengeneza bunduki. Katika karne iliyopita maduka makubwa ya Marekani yaliuza bunduki kwa majina yao wenyewe huku kazi ikifanywa na viwanda vingine. J.C. Higgins Model 50, iliyouzwa na Sears, ndani yake ni Mauser iliyotengenezwa na FN ya Ubelgiji. Glenfield lilikuwa jina la bei nafuu la Marlin: Glenfield 30 ni ndugu wa Marlin 336. Mark X iliyoletwa Marekani na Interarms ilitoka Zastava, kiwanda cha Serbia. Parker-Hale ya Uingereza ilijenga bunduki zake nyingi za kuwindia juu ya Mauser za Santa Bárbara ya Uhispania. Anayetafuta "spea ya J.C. Higgins" atakutana na vitu vichache, na kila muuzaji atavipandisha bei kwa uadimu wake. Anayejua kwamba anachohitaji ni springi ya Mauser 98 ya FN ana dunia nzima ya kuchagua.

Kinyume chake pia ni kweli, na kinauma zaidi. Jina moja linaweza kuficha bunduki mbili tofauti. Winchester Model 70 ilianza kuuzwa mwaka 1936, na mwaka 1964 kiwanda kikaibadilisha sana ili kupunguza gharama za utengenezaji. Bolti, kucha ya kutolea ganda, namna risasi inavyolishwa, vyote vikawa vingine. Mtu anaponiambia "nahitaji kipande cha Model 70", namwambia atangulize namba ya bunduki, kwa sababu namba ndiyo inayoeleza mwaka. Bunduki za Savage 110, zilizoanza 1958, nazo zimepitia mabadiliko ya ndani ambayo kwa nje huyaoni. Kabla ya kutoa fedha, pata mchoro wa bunduki yako iliyotawanywa, ule unaoonyesha kila kipande kikiwa peke yake na namba yake pembeni. Agiza kwa namba ya kipande. Ukiagiza kwa maelezo ya mdomo, "kile kidude cha nyuma kinachozunguka", utaletewa kidude, na kitazunguka kweli, ila kwenye bunduki ya mtu mwingine.

Kuhusu mahali pa kununua sitasema mengi. Spea za mtumba za kiwanda asilia huwa bora kuliko spea mpya za kuigiza, hasa zile zilizotengenezwa wakati viwanda bado vilikuwa vinachonga chuma badala ya kukimimina. Kuna wafanyabiashara ambao kazi yao ni kununua bunduki zilizovunjika na kuziuza kipande kimoja kimoja. Numrich ya Marekani imejijengea jina katika biashara hiyo tangu miaka ya 1950, na michoro yake hutumiwa hata na watu ambao hawajawahi kununua kwake. Wakati mwingine bunduki nzima iliyoharibika mtutu hugharimu kidogo kuliko bolti, magazini na springi zake zikinunuliwa mojamoja, ila uwe na kibali cha kuimiliki hiyo nayo. Na mwandikie mtengenezaji kama bado yupo. Watu hulisahau hili kwa sababu bunduki yao ni ya zamani, kumbe viwanda kadhaa huwa na masanduku ya spea za miundo iliyokwisha kusimamishwa.

Sasa bolti. Hapa ndipo bunduki nyingi za bei ya kutupa zilipokwama, na sababu yake ina mantiki. Mwenye bunduki mwangalifu huitoa bolti na kuificha mbali na bunduki, ili mwizi akiiba aondoke na bomba tu. Miaka inapita, mwenyewe anafariki, warithi wanaikuta bunduki na hakuna anayejua bolti ilifichwa wapi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa aliyerithi bunduki isiyo na bolti hauna gharama: kapekue. Tafuta kwenye sanduku la vifaa vya kushonea, nyuma ya vitabu, ndani ya soksi, kwenye kopo la misumari. Ulizeni wajane na watoto wakubwa. Ukiipata, mara nyingi huwa na namba inayolingana na ya bunduki, na hapo umekwepa kazi ngumu kuliko zote katika makala hii.

Isipopatikana, usiifikirie bolti kama magazini iliyopotea. Bolti ndiyo mlango unaofungwa nyuma ya risasi. Risasi ya .30-06, kwa viwango vya SAAMI, chombo cha viwanda vya Marekani kinachopanga vipimo hivyo, inaruhusiwa kufikia psi 60,000, yaani pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa. Mlango huo unashikwa na masikio mawili ya chuma mbele ya bolti, na masikio hayo yamekaa kwenye vikalio vyake kwa miaka yakisuguana mpaka yakazoeana. Ukileta bolti ngeni, hata ya muundo uleule na kiwanda kilekile, masikio yake hayakuzoea vikalio hivyo. Huenda sikio moja tu ndilo linalogusa.

Halafu kuna hedispesi, yaani nafasi ambayo bolti iliyofungwa inaiachia risasi. Chemba imechongwa kwa urefu maalumu, na bolti ikifungwa lazima uso wake uache nafasi inayotosha risasi na si zaidi. Nafasi ikiwa finyu, bolti haifungi, au inafunga kwa kulazimishwa. Ikiwa kubwa, baruti inapowaka, ganda la shaba linajikuta halina pa kuegemea nyuma: mbele limeng'ang'ania kuta za chemba, nyuma linasukumwa hadi likutane na bolti, na katikati linatanuka. Likitanuka kupita kiasi linakatika, na gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi nyuma, uliko uso wako. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji, vipande vya chuma vya kupimia vinavyowekwa chembani mahali pa risasi. Kwa .30-06 geji ya kupita ina inchi 1.940 na geji isiyotakiwa kupita ina inchi 1.946. Tofauti yao ni milimita 0.15, unene wa karatasi moja na nusu.

Ndiyo maana geji zipo, na ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema gundi karatasi nyuma ya risasi uone kama bolti inafunga. Kazi yenyewe kwa geji halisi haichukui muda. Bolti inavuliwa pini ya kufyatulia, kirusha ganda na kucha ili mkono uhisi geji peke yake, mtutu ukiwa umehakikishwa kuwa mtupu. Geji ya kupita inapowekwa chembani, bolti inatakiwa kufunga kwa uzito wa kidole. Geji isiyopita ikiwekwa, bolti inatakiwa kugoma. Ikifunga juu ya hiyo ya pili, bunduki isifyatuliwe mpaka fundi aipime kwa geji ya tatu, ile ya ukomo, na aamue. Geji hukodishwa au huazimwa kwa mafundi, kwa hiyo huna haja ya kununua seti ya risasi moja utakayoitumia mara moja katika maisha.

Nilipokuwa natafuta bolti ya bunduki nyingine nilimwendea fundi mzee ambaye alikuwa na boksi zima la bolti za Mauser. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwomba aniuzie mojawapo niende nayo.

"Bunduki iko wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, Mzee. Ni 98 ya kawaida tu."

"Basi na bolti zangu zitakaa hapahapa nyumbani kwao. Siku ukija na bunduki, tutazijaribu zote, na ile itakayokubali ndiyo utakayolipia."

Wakati ule niliona ananisumbua. Niliporudi na bunduki, alizipitisha bolti zile moja baada ya nyingine juu ya geji. Kadhaa ziligoma kufunga, nyingine zikafunga kirahisi mno, na akabaki na chache zilizokaa sawa. Kati ya hizo akapaka masikio wino wa buluu wa mafundi, akafunga na kufungua, akatazama wino umefutika wapi. Iliyofutika pande zote mbili ndiyo aliyonipa. Kisha akapima pini ya kufyatulia inavyochomoza kwenye uso wa bolti. Kwa bunduki nyingi za namna hii inatakiwa ichomoze takriban milimita 1.4 hadi 1.6: pungufu ya hapo risasi haiwaki, zaidi ya hapo kiwashio kinaweza kutobolewa. Akajaribu kizuizi cha usalama kwa kuvuta triga kwa nguvu huku kimefungwa, akakifungua, akasikiliza kama kuna kitu kinaanguka chenyewe. Sikumlipa bei ya bolti tu siku ile, na kila nikikumbuka nilicholipa naona alinionea huruma.

Kuna bunduki moja ambayo waliobuni walilifikiria tatizo hili mapema. Lee-Enfield No. 4 ya Uingereza ina kichwa cha bolti kinachofunguka kwa kuzungushwa, na vichwa hivyo vilitengenezwa kwa urefu tofauti na kupigwa namba kuanzia 0 hadi 3. Hedispesi ikiwa kubwa, fundi anafungua kichwa kifupi na kufunga kirefu zaidi. Lakini bado masikio ya bolti ya Lee-Enfield yako nyuma, na mwili wa bolti bado ulisawazishwa na bunduki yake na kupigwa namba yake. Kichwa hubadilishwa kirahisi, mwili haubadilishwi hivyohivyo.

Sheria nayo inaitofautisha bolti na skrubu, na kila nchi ina njia yake. Katika sheria ya shirikisho ya Marekani, silaha ni mwili wenye namba, na bolti inaweza kununuliwa kama spea nyingine. Ulaya ni tofauti: Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2021/555 yanaihesabu bolti kuwa sehemu ya msingi ya silaha, sawa na mtutu, na Uingereza vilevile huwezi kuwa nayo bila cheti. Nchi zilizo katika CIP, mfumo wa kimataifa wa kuzijaribu silaha ulioanzishwa 1914, zina vituo vya kuzijaribu bunduki kwa risasi zenye nguvu zaidi ya kawaida, kama vile London, Birmingham, Liège na Eibar, na bunduki iliyobadilishwa kipande kinachobeba nguvu hurudishwa huko ijaribiwe upya na kupigwa muhuri. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu kabla ya kushangilia bolti ya bei poa. Na kipande kuvuka mpaka wa nchi ndani ya bahasha, hata kiwe kidogo, kinaweza kukuletea mashtaka kama hakina kibali cha kutoka na cha kuingia. Piga simu kwa mamlaka inayotoa leseni kabla ya kulipa.

Tukiiacha bolti, mambo yanakuwa mepesi tena, na kilengeo cha mbele ndicho ninachokipenda. Kikipotea, watu wengi hukimbilia darubini, ambayo itawagharimu mara nyingi zaidi pamoja na vishikio vyake. Kilengeo kipya cha chuma ni kitu cha bei ndogo sana, na mfereji wake kwenye bunduki nyingi ni ule wa inchi 3/8. Kinachowashinda watu ni kimo. Kanuni yake ni rahisi: zidisha kosa la risasi kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Tuseme vilengeo vyako vimeachana milimita 500, na kwa mita 100 bunduki inapiga juu ya shabaha kwa milimita 150. Mia moja hamsini mara mia tano, gawa kwa laki moja, unapata 0.75. Kilengeo cha mbele kinatakiwa kiongezeke robo tatu ya milimita, kwa sababu kilengeo kirefu cha mbele huishusha risasi.

Ukishaielewa kanuni hiyo unaweza kuacha kubahatisha kabisa. Nunua kilengeo kirefu kuliko unachohitaji. Bunduki itapiga chini. Halafu kwenye kiwanja cha shabaha, bunduki ikiwa tupu na imefunguliwa, punguza ncha yake kwa tupa laini, fyatua, tazama, punguza tena. Kila msuguo unaipandisha risasi. Simama kabla hujafika unapotaka, fyatua ukiwa umepumzika, ndipo umalizie, maana chuma kilichosuguliwa hakirudi. Kilengeo cha mfereji kwa desturi huingizwa kutoka kulia kwenda kushoto, mtutu ukielekea mbele yako, na hutolewa kwa kurudishwa kulia. Tumia kigongeo cha shaba au nailoni. Kikikataa kutoka, usiongeze nyundo kabla hujahakikisha kwamba hakina skrubu iliyofichwa chini yake.

Magazini iliyopotea hutegemea na udugu wa bunduki, kama nilivyoeleza. Mwenye BRNO Model 2 ya .22 anaweza kuhangaika na magazini kuukuu za bei ya kumbukumbu, wakati magazini za CZ 452, ambayo ni mtoto wa ukoo uleule, zinaingia. Angalia midomo ya magazini, pale risasi inaposhikwa kabla ya kusukumwa. Midomo iliyopinda ndiyo chanzo cha risasi kukwama, na kwa magazini za kuigiza ndilo tatizo la kwanza. Mtu mwenye bunduki inayosukuma risasi tu, kama Remington 700, anaweza kuwinda bila magazini, akiingiza risasi moja moja kwa mkono. Mwenye Mauser 98 asijaribu. Kucha yake kubwa iliundwa kuipokea risasi ikipanda kutoka kwenye magazini. Ukitupia risasi chembani na kuifungia bolti juu yake, kucha inalazimika kuruka ukingo wa ganda, na kucha ikivunjika una vipande viwili vya kutafuta.

Springi hununuliwa mpya, basi. Ni za bei ndogo, na springi ya zamani iliyochoka hukudanganya kwa kuonekana nzima. Springi ya kalamu haina nguvu ya kurusha ganda hata kama urefu wake unalingana, na nimeikuta ndani ya bunduki ya mtu aliyekuwa akishangaa kwa nini maganda yake yanadondoka miguuni badala ya kuruka. Vipande vya triga na usalama sivigusi mimi mwenyewe. Hivyo havibebi baruti, lakini ndivyo vinavyoamua ni lini baruti iwake, na fundi anayevifunga huvijaribu kwa namna ambayo mimi sina vifaa vyake.

Kipande kikishafungwa, kiwe skrubu au bolti, bunduki yangu haiendi porini moja kwa moja. Kwanza napitisha risasi bandia kutoka kwenye magazini, polepole kisha kwa kasi, nikitazama kama zinapanda, zinaingia na kutoka bila kukwaruzwa. Baadaye kiwanjani nafyatua risasi moja ya kiwandani, si ya kujijazia nyumbani, na naliokota ganda. Naligeuza kwenye mwanga. Juu kidogo ya kitako chake natafuta mstari unaong'aa unaolizunguka ganda lote, nao ukiwepo naacha hapohapo, kwa sababu ni dalili kwamba shaba imeanza kutanuka. Naangalia kiwashio: alama ya pini iwe katikati, iwe duara, isiwe na tundu. Nikiridhika naijaza risasi ya pili, naliokota na hilo ganda pia, na kwa bunduki iliyopata bolti ngeni maganda yote ya siku ya kwanza nayarudisha kwa fundi kwenye bahasha pamoja na namba ya bunduki ayaangalie kabla sijanunua boksi jingine.